Mlio wa Usiku na Hukumu ya Sikio

Katika maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Uhuru, muuzaji hukata upindo wa kitambaa kwa mkasi, kisha hukishika kwa mikono miwili na kukirarua. Sauti ile haimtishi mtu. Ni sauti ya riziki. Lakini usiku ukiingia, bundi mweupe akapita juu ya mapaa ya Kariakoo na kutoa mlio mkavu ufananao mno na huo, watu wale wale hutafuta mawe, na wengine hunong'ona kwamba yuko atakayekufa. Kiswahili kinalo hata jina mpasuasanda, la ndege wa usiku anayehofiwa. Wazee waliolitunga walisikia vyema kwamba kuna kitu kinachopasuka. Lakini sanda waliitoa wapi?

Yafaa basi tujiulize: sauti ya asiyeonekana ni ushahidi wa nini?

Hatusemi kwamba sikio ni shahidi dhaifu. Kariakoo yenyewe ilipata jina kwa sikio, Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 na kikosi chao cha wapagazi kikapiga kambi hapo. Jina la Kiingereza la kikosi hicho wenyeji wakalitamka walivyolisikia. Na yuko bundi mdogo mno, mwenye uzito wa gramu 50 hivi, aliyegunduliwa mwaka 1965 katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Kenya, na baadaye akapatikana kwetu pia, katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Apigaye kambi huko asitumaini kumwona kwanza. Husubiri gizani hata asikie mlio mfupi unaorudiwa-rudiwa, mfano wa kugonga kitu kilicho wazi ndani. Wako ndege wa mchana wenye mlio wa namna hiyo. Kwa hiyo msikilizaji hupima saa, mahali na mwendo wa sauti, ndipo athubutu kulitaja jina. Akishalitaja, hunyamaza. Amejua ni nani aliaye. Nia ya mliaji hakuambiwa.

Sisi wa mjini hatunyamazi hapo. Twaruka kutoka jina hadi hatia, na aghalabu hata jina hatukulihakikisha. Bundi yule hula panya, nao panya katika mtaa wa maghala ya nafaka hawahitaji kuelezwa. Twamfukuza mlinzi asiyedai mshahara.

Lau madhara yangeishia kwa ndege, huenda tusingeandika. Lakini katika nchi hii, hasa Usukumani, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Hapo nako alama ilionwa sawasawa: macho yalikuwa mekundu kweli. Kilichozidishwa ni sanda.

Tutajibiwa kwamba bundi alilia na mtu akafa. Hapana shaka. Katika mtaa wenye watu wengi kama Kariakoo, ni juma gani lipitalo bila msiba? Nani amepata kuhesabu usiku ambao bundi alilia na kukapambazuka salama?

Tulikuwa barazani kwa mzee mmoja mlio uliposikika. Vijana wakainama kutafuta mawe. Mzee akainua mkono wawe kimya, akatega sikio, kisha akauliza, "Yuko paa lipi?"