Uungwana wa Nani?

Neno "muungwana" lina nyuso mbili. Leo ni mtu mwenye murua, mpole wa kauli, mtimiza ahadi. Zamani lilikuwa na maana ya mtu huru, asiye mtumwa. Ndipo linapozuka swali: je, uungwana huweza kukamilika iwapo umesimama juu ya unyonge wa wengine?

Swali hilo lamgusa Amasa Coleman Lee, wa mji mdogo wa Monroeville, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alizaliwa mwaka 1880, akajifunza sheria pasipo kwenda chuo, na mwaka 1915 akaruhusiwa kuwa wakili. Mwaka 1919 aliwatetea watu weusi wawili, baba na mwanawe, walioshtakiwa kumuua mwenye duka mzungu. Wote wawili walinyongwa. Yasimuliwa kwamba tangu hapo hakushika tena kesi ya jinai.

Hakukosa nyenzo nyingine. Kuanzia 1926 hadi 1938 alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo. Kuanzia 1929 hadi 1947 alikuwa mhariri na mmiliki mwenza wa gazeti la Monroe Journal. Kauli alikuwa nayo, na kura ya kutunga sheria alikuwa nayo. Lakini Katiba ya Alabama ya 1901 iliwazuilia weusi wengi kupiga kura, kwa kodi na mitihani ya kusoma, na Lee kwa miaka mingi aliukubali utengano.

Binti yake, Harper Lee, ndiye aliyemchukua babaye kuwa kigezo cha wakili Atticus Finch katika To Kill a Mockingbird, riwaya ya 1960. Mwaka 2015 ilipochapwa Go Set a Watchman, iliyoandikwa kabla ya hiyo, wasomaji walimkuta Atticus akiutetea ubaguzi, wakahuzunika. Hata hivyo, wawili hao ni mtu mmoja. Mtu aweza kumhurumia mnyonge aliye mbele yake, na papo hapo akailinda sheria inayozalisha wanyonge. Huruma humtazama mtu; insafu huitazama sheria.

Waandishi wa maisha yake husema kwamba uzeeni, kabla ya kufariki mwaka 1962, msimamo wake ulianza kulegea. Kawia ufike, walinena wahenga. Lakini methali hiyo humliwaza msafiri. Anayengojewa si kila mara humkuta angali hai anayemngoja.