Gurudumu la Akiba

Je, mtu akikiharibu kitu ambacho hakitumiki, kisha akakirudisha mahali pake bila ya kusema neno, amemdhulumu mwenyewe? Swali hili laonekana dogo, na wengi hulijibu kabla ya kulifikiri. Nakuomba, msomaji, tulifikiri pamoja kwa mfano wa kitu kinyonge kinachochukuliwa na magari mengi na kukumbukwa na watu wachache: gurudumu la akiba, ambalo madereva huliita spea.

Zamani za magari ya kwanza dereva hakuwa na akiba. Mpira ulipotoboka, alipiga magoti vumbini akaung'oa, akauziba na kuutia upepo papo hapo njiani, mvua inyeshe au jua liwake. Mwaka 1904 Thomas Morris Davies wa mji wa Llanelli, katika nchi ya Wales, alitengeneza gurudumu lisilo na spoki lililoweza kufungwa kando ya lile lililoharibika. Kazi yake aliifanyia katika mtaa wa Stepney, na hata leo watu wa Bara Hindi huliita gurudumu la akiba kwa jina la mtaa huo. Tangu hapo msafiri alithubutu kwenda mbali kwa kutegemea kitu ambacho huenda asikiguse safari nzima. Hilo ndilo ninalotaka ulishike: gurudumu la akiba hufanya kazi hata likiwa limelala, kwa maana mwenye gari huamua njia yake, saa yake na watu atakaowachukua kwa kuamini kuwa lipo na ni zima.

Sasa tuseme kijana mmoja ameazima gari la jirani yake kwenda arusini Machakos. Njiani jiwe kali lapasua ubavu wa mpira mmoja. Kijana afunga gurudumu la akiba na kulipeleka lililopasuka kwa fundi. Fundi mwaminifu amwambia kuwa tundu la msumari katika uso wa mpira, pale panapokanyaga barabara, lazibika vizuri. Lakini ubavu hauzibiki kwa salama, kwa sababu ndio unaojikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na kiraka hakiwezi kuivumilia kazi hiyo. Kijana amsihi atie kiraka kwa ndani hata hivyo, autie mpira upepo mpaka ukae imara. Gurudumu lawekwa ndani ya buti na kufunikwa zulia. Kisha kijana aliosha gari, alitia petroli, na kurudisha ufunguo kwa shukrani nyingi.

Mtetezi wake atasema: gari limerudi na magurudumu matano, kama lilivyotoka, jirani hajapungukiwa na kitu, na yamkini gurudumu lile halitahitajiwa kamwe. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyoonekana, maana ni kweli kwamba siku ile hakuna aliyeumia. Lakini jirani anakusudia kwenda Mombasa na mama yake mzee, naye ameamua kusafiri usiku ili kuepuka joto. Baina ya Mtito Andei na Voi pana karibu kilomita 100, na sehemu kubwa ya njia hiyo yapita katikati ya mbuga mbili za Tsavo, wanamokaa simba na ndovu. Angalijua hali ya buti lake, angaliondoka mchana, au angalinunua mpira kwanza. Haki ya kuchagua ndiyo aliyonyang'anywa, nayo alinyang'anywa pale alipopokea ufunguo akitabasamu. Hata akifika Mombasa bila pancha, dhuluma imekwisha tendeka. Shule nyingi huwa na ndoo za mchanga kwa ajili ya moto. Mtu akimwaga mchanga na kujaza taka, akafunika kwa mchanga kidogo juu, hatungoji bweni liwake ndipo tuulize kama amekosa.

Lakini si haki kumtupia mwazimaji lawama zote. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa nafaka na fedha sijui; kwa mpira si kweli. Joto na hewa huukausha hata usipotembea, ukafanya nyufa nyembamba, na upepo hupungua kidogo kidogo. Ubavuni mwa mpira huandikwa tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2312 ni juma la 23 la mwaka 2012. Mwenye gari asiyezisoma wala kupima upepo kwa miaka kumi, kisha akamwazima mtu gari, amemkabidhi hatari bila ya kujua. Ikiwa gurudumu la namna hiyo litampasukia mwazimaji katika mwendo wa taratibu, mimi siafiki kwamba anadaiwa mpira mpya. Anadaiwa habari kamili, mapema, na mchango ambao wawili hao wataupatana kwa kutazama mpira wenyewe. Thamani yake sokoni huenda ni shilingi chache. Habari haina bei ndogo.

Mambo huwa magumu zaidi pale anayeharibu ni mwajiriwa. Dereva wa gari la abiria aonaye spea iliyo chini ya gari imechanika ajua kuwa akisema atakatwa mshahara, hata kama jiwe halikumwuliza ruhusa. Ana watoto, na kodi ya nyumba ni mwisho wa mwezi. Sitasema kuwa kunyamaza kwake ni haki. Nasema kuwa tajiri anayemkata mshahara kila mleta habari, pasipo kuuliza mpira uliharibikaje, ameununua unyamavu huo kwa fedha zake mwenyewe, na sehemu ya kosa ni yake. Dereva naye hawezi kuuweka mzigo wote kwa tajiri, kwa kuwa watakaokaa gizani kando ya njia si tajiri. Ni abiria, na Jumatatu abiria wake ni watoto wanaorudi shuleni.