MGONGO WA MKIMBIAJI

Masomo: 1 Wafalme 18:46 mpaka 19:8, Luka 13:10-17



Vijana wetu wengi wanapenda mbio. Alfajiri wanafanya futingi barabarani, wengine sababu ya mpira, wengine sababu ya afya. Wako na wale wanaokimbia sababu ya chakula, wakisukuma baiskeli zilizojaa mchele na mafuta ya mawese. Wote wanatuletea shauri moja: maumivu katikati ya mgongo, chini ya mabega, juu ya kiuno. Wanaomba tuwawekee mikono. Tunawawekea, na hatutaacha. Lakini leo tunapashwa kuungama jambo.

Miaka iliyopita, kijana mmoja wa kundi letu, mkimbiaji hodari, alilia mgongo. Tulisali, tukafunga siku tatu. Maumivu hayakuisha. Ndipo mmoja kati yetu akasema ameona katika ndoto mtu wa ukoo aliyemfunga kijana yule. Hatukulipima neno lile. Watu wakaanza kumtazama bibi yake vibaya, mpaka mama mzee akawa anaketi peke yake nyuma ya kanisa. Wakati ule kijana alikuwa akikonda, akitoka jasho usiku, na mfupa wa mgongo ukaanza kutokeza. Alipopelekwa kwa munganga, miguu ilikuwa imeanza kulegea. Ulikuwa kifua kikuu cha mifupa. Alimeza dawa miezi mingi. Leo anatembea, lakini hakimbii tena, na mgongo wake umebaki umepinda. Bibi alikufa mbele hatujamwomba msamaha. Mungu aturehemu.

Wandugu, tumtazame nabii Eliya. Mkono wa Bwana ulikuwa juu yake, akakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, mwendo usio mfupi hata kidogo. Baadaye alichoka mpaka akaomba kufa. Je, Mungu alimkemea? Alimwacha alale. Malaika akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Maneno makubwa ya Horebu yalikuja nyuma. Mungu aliyempa nabii nguvu za kukimbia ndiye aliyeutunza mwili wake ulipochoka.

Mtu atasema: Je, yule mwanamuke wa Luka 13, aliyeinama miaka 18, Yesu hakusema kwamba Shetani alimfunga? Alisema. Lakini msome vizuri: Yesu hakumtaja jirani, hakumtaja bibi wala shangazi. Alimwita, akamgusa, akamsimamisha. Shetani alitajwa, na hakuna nyumba iliyovunjika. Ndoto yoyote inayomnyooshea mzee kidole, tuipime kwanza. Na Isaya, nabii mkubwa, alipomletea mfalme Hezekia neno la Mungu kwamba atapona, aliagiza pia dawa ya tini iwekwe juu ya jipu. Neno la Mungu na dawa vilitoka katika kinywa kimoja.

Basi, enyi wakimbiaji, sikieni. Mara nyingi maumivu ya katikati ya mgongo yanatoka katika namna ya kukimbia na ya kubeba. Ukikimbia umeinama, mabega yamepanda masikioni, ngumi zimekazwa, mikono inapita mbele ya kifua, mgongo utalia. Tazama mbele, legeza mabega, vuta pumzi mpaka tumboni. Punguza mwendo majuma mawili, kisha rudi pole pole. Gawanya mzigo wa baiskeli sawasawa, na usiubebe peke yako mlimani. Ninyi mama wa vitunga, pumzikeni njiani bila haya.

Lakini maumivu yakizidi usiku, yakikaa hata ukipumzika, ukiona homa, jasho la usiku, kukonda, mfupa kutokeza au miguu kulegea, usingoje ibada ya Jumapili. Nenda kituo cha afya siku ile ile. Inchi yetu ni mojawapo ya zile zenye kifua kikuu kingi duniani. Kinaweza kushika mfupa wa mgongo bila kukohoa hata kidogo, na dawa zake hutolewa bure. Hapa Kasongo, tangu miaka ya 1970, kazi ya vituo vya afya ilijulikana hata Ulaya. Tusiwe sisi wa kuipita mlangoni.

Barabara hii yetu inajua migongo. Katika karne ya 19, misafara ya Tippu Tip ilibebesha babu zetu pembe za ndovu. Hakuna aliyewauliza kama wanaumwa. Na David Livingstone, aliyekuwa munganga, alikwama Kabambare mwaka 1870 kwa vidonda vya miguu, akakaa miezi mpaka vipone. Aliyejua dawa alijua pia kungoja.

Wengine wanasema: Nabii Simon Kimbangu alivumilia gereza tangu 1921 mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951, nasi tunyamaze na maumivu yetu. Hapana, wandugu. Yeye aliteswa kwa ajili ya imani. Kuficha ugonjwa si ushahidi wa imani.

Barua kwa Waebrania inatufundisha kuweka kando kila mzigo ili tupige mbio kwa saburi. Mzigo wetu sisi wazee ulikuwa haya: haya ya kusema, Hatujui, nenda kwa munganga. Leo tunautua mbele yenu.

Ee Bwana, uwanyooshe walioinama. Uwape wauguzi akili na mikono mizuri. Ufunge vinywa vyetu tusipotumwa, na utufundishe kuomba msamaha wakati wazee wetu wangali hai. Amina.