Kipimo cha Siri Nyumbani

Siku hizi mume akiingiwa na shaka juu ya mtoto, hana haja ya kumwuliza mtu. Anapangusa ndani ya shavu la mtoto kwa pamba, anaipeleka maabara, na baada ya siku chache ana jibu la DNA mkononi. Mke hajui lolote. Je, jambo hili ni halali?

Sayansi yenyewe si mbaya. Kila mtoto hupokea urithi wa damu nusu kwa mama na nusu kwa baba. Mwaka 1984 mtaalamu Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua njia ya kumtambua mtu kwa urithi huo. Mwaka uliofuata njia hiyo ilimsaidia kijana wa familia iliyotoka Ghana. Maofisa wa uhamiaji wa Uingereza hawakuamini kwamba ni mtoto wa mama aliyesema ni wake. Kipimo kikathibitisha, naye akaruhusiwa kubaki na mama yake. Tazameni basi: kazi ya mwanzo ya kipimo hiki ilikuwa kumrudisha mtoto nyumbani, tena kwa ridhaa ya mama.

Anayepima kwa siri hufanya kinyume. Amemshtaki mkewe na kumhukumu bila kumsikiliza. Hata jibu likiwa jema, atamwambia nani furaha yake? Sasa yeye ndiye mwenye jambo la kuficha.

Utasema, “Mume ana haki ya kujua ukweli.” Ni kweli. Mke aliyetoka nje ya ndoa amekosa, na kuficha hakumwondolei kosa. Lakini ukweli huo uulizwe kwanza kwa mdomo. Mkiisha kuzungumza na kukubaliana kupima, hakuna ubaya. Ila kabla ya kwenda, jibuni swali hili pamoja: jibu likiwa chungu, mtoto huyu ataitwa nani jioni hiyo?

Maabara hujua damu tu. Haijui ni nani aliyembeba mtoto usiku kwenda zahanati, wala ni nani aliyeuza mbuzi ili alipe karo. Wahenga walisema, “Kitanda hakizai haramu.” Hawakuwa wajinga, waliyajua sana ya nyumbani. Walikataa tu mtoto alipe deni la wakubwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, nayo inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Nasi Wakatoliki tunamheshimu Mtakatifu Yosefu, ambaye hakumzaa Yesu kwa damu, lakini alimpa jina, akakimbia naye Misri, akamlea.

Basi baba, kama shaka inakusumbua, ngoja watoto walale, kisha sema, “Mama watoto, kuna neno linanilemea, naomba tuzungumze.” Nawe mama, usijibu kwa matusi wala kwa kununa, jibu kwa ukweli, hata ukiwa mzito. Mkishindwa, mwendeeni padre, au wazee wa jumuiya yenu wanaojua kutunza siri.

Lile usiloweza kumwuliza mkeo macho kwa macho, usiliibe kinywani mwa mtoto wake aliyelala.