Wewe Ulikuwa Wapi?

Nilipokuwa mtoto nilikabidhiwa mbuzi 19 wa baba yangu niwachunge. Siku moja nilipitiwa na usingizi chini ya mkwaju, na jioni nikarudi nyumbani na mbuzi 18. Baba alipouliza, nilijibu upesi, "Fisi amemla, baba." Hakunipiga. Alisema tu, "Fisi namjua kazi yake. Nakuuliza wewe mchungaji: ulikuwa wapi?"

Swali hilo limenifuata hadi uzeeni, nami hulikumbuka kila nisikiapo habari za wanyama wetu wa porini. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko huko Arusha, akakubali kwa niaba ya taifa lililokuwa linazaliwa dhamana ya kuwatunza wanyama hao, ili wajukuu wetu nao waje wawaone. Lipime neno hilo dhamana, ndugu msomaji. Mdhamini si mwenye mali. Ameshika kwa ajili ya mwingine, na siku yoyote aweza kudaiwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walikadiriwa kuwa 109,000 hivi. Sensa ya mwaka 2014 ikakuta kama 43,000. Katika miaka 5, zaidi ya nusu walitoweka. Ukiuliza, jibu lilikuwa tayari: majangili, na wanunuzi wa pembe katika nchi za mbali. Ni kweli tupu. Lakini ni jibu la fisi.

Wapo watakaosema naionea serikali. Pori la Akiba la Selous peke yake lilikuwa na kilomita za mraba 50,000 hivi. Ni askari wangapi wangetosha? Hoja hiyo ina uzito. Hata mimi nilikuwa mtoto mmoja, na vichaka vilikuwa vingi. Lakini kuzidiwa nguvu ni jambo moja na kulala ni jingine, na ndiyo sababu mchungaji lazima aulizwe. Asipoulizwa, tutajuaje kama alizidiwa, au alisinzia, au, Mungu apishie mbali, alikuwa akila nyama pamoja na fisi?

Swali hilo lina majibu mabaya pia. Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Haukupita muda yakasikika malalamiko ya wananchi kuteswa, kunyang'anywa mifugo, hata kuuawa. Operesheni ikasimamishwa, Bunge likachunguza, na Desemba mwaka huo mawaziri 4 wakapoteza nyadhifa zao. Ilikuwa haki. Aliyepoteza mbuzi hajitakasi kwa kuwapiga watoto wa jirani. Lakini nilijiuliza: watu wale walipata wa kuwasemea, tembo je? Tembo hapigi kura wala hafungui kesi, na mjukuu ambaye hajazaliwa vivyo hivyo. Ni rahisi kuwa mwaminifu wakati mwenye mali amesimama mlangoni. Uaminifu hupimwa kwa mali ya yule asiyeweza kudai.

Wengi hudhani kuwajibika ni kujiuzulu tu. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliacha uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa makosa ya walio chini yake huko Shinyanga, na heshima yake haikupungua. Huo ni mfano mwema. Lakini baba hakuninyang'anya fimbo. Alinitaka niseme ukweli, kisha niwahesabu mbuzi mbele yake kila asubuhi na kila jioni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tembo zaidi ya 60,000 hawapotei usiku mmoja. Lau hesabu ingesomwa hadharani kila mwaka, tungeshtuka mapema.

Namshukuru Mungu kwamba baadaye ujangili ulipungua. Hata hivyo swali la baba haliishii kwenye ofisi za wakubwa. Ibara ya 27 ya Katiba yetu inamtaka kila mtu azilinde maliasili za nchi. Basi pembe zile zilipokuwa zikipita katika barabara zetu na bandari zetu, wewe ulikuwa wapi? Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nikisoma magazeti na kusema, ni kazi ya fisi.