Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Maana yake ni hii: hakuna jahazi lililoota majini kama jani. Kuna mti uliokatwa, kuna mikono iliyochonga, kuna mtu aliyelipa, na pengine kuna mtu ambaye hakulipwa. Methali hii ni fupi, lakini yazaa swali zito: Je, ni haki mtu mwema afurahie uzuri wa kitu kilichopatikana kwa mateso ya wengine?

Swali la namna hii lataka mfano. Katika nchi ya Uingereza, jimbo la Yorkshire, kaskazini ya mji wa Leeds, pana nyumba kubwa ya shamba iitwayo Harewood. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1759, na mwaka 1771 nyumba ikawa tayari kukaliwa. Mwenyewe alikuwa Edwin Lascelles. Huyu aliwaita mafundi wakuu wa zamani zake: John Carr ajenge kuta, Robert Adam apambe vyumba, Thomas Chippendale atengeneze viti na meza, na Lancelot Brown ageuze bonde kuwa bustani yenye ziwa. Siku hizi nyumba ile yatunzwa na shirika la hisani, na kila mtu aweza kununua tikiti akaingia.

Na fedha zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka mbali, ng’ambo ya bahari. Henry Lascelles, baba yake Edwin, alitajirika kwa kisiwa cha Barbados, katika eneo la Karibi. Huko alikuwa mkusanyaji wa ushuru wa forodha, akafanya biashara ya sukari na ya watumwa, akawakopesha fedha wenye mashamba ya miwa. Na miwa ile ililimwa na nani? Ililimwa na watu waliotekwa Afrika, na watoto wao, na wajukuu wao, waliofanya kazi bila mshahara hata kufa.

Uingereza ilikataza biashara ya watumwa mwaka 1807. Mwaka 1833 ikapitisha sheria ya kuufuta utumwa wenyewe katika sehemu kubwa ya makoloni yake, na serikali ikatoa fidia ya pauni milioni 20. Fidia hiyo alipewa nani? Si yule aliyepigwa mijeledi, bali yule aliyeshika mjeledi. Bwana wa Harewood wa wakati ule alipata zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu 1,277. Watu wenyewe hawakupata hata senti moja. Tena wengi wao walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao hadi mwaka 1838.

Sasa fikirini mgeni, kijana Mwafrika aliye masomoni huko Leeds. Siku ya mapumziko apanda basi peke yake, kwenda kuitazama nyumba ile. Anayekwenda na kundi huazima macho ya kundi: wenzake wakicheka, naye hucheka, wakikasirika, naye hukasirika. Aliye peke yake hana wa kumwiga. Ataona dari zenye nakshi, na vyumba vinavyofuatana kimoja baada ya kingine, na ziwa linalong’aa chini ya kilima. Moyo wake utafurahi, kwa sababu moyo hauombi ruhusa mbele ya uzuri. Kisha atakumbuka habari ya miwa, na furaha yake itaingiwa na uchungu. Afanye nini?

Wako watakaomwambia: “Mawe hayana kosa. Waliotenda wamekufa, na waliotendewa wamekufa. Furahia, kisha urudi nyumbani.” Neno hili lina ukweli kidogo. Ni kweli, jiwe halina kosa. Ni kweli pia kwamba ustadi wa seremala ni mwema, na mkono wake haukuwa mwovu kwa sababu mfuko wa bwana wake ulikuwa mwovu. Lakini neno hili lasahau jambo moja: mtu akiibiwa ng’ombe, haki ya mwenye ng’ombe haiishi siku anapokufa. Watoto wa mwizi wanakunywa maziwa, watoto wa aliyeibiwa wanakunywa maji. Wenyewe wamekufa, lakini maziwa yangalipo.

Wengine watamwambia kinyume: “Geuza mgongo, usitazame. Afadhali nyumba ile ibomolewe.” Hasira hii yaeleweka, na asiyeisikia kabisa moyo wake umelala. Lakini kugeuza mgongo kutamfaa nani? Watumwa wale waliibiwa jasho lao. Ikiwa nyumba itabomolewa na habari yake kunyamazwa, wataibiwa na ushuhuda wao pia. Kuta zile ndizo barua pekee kubwa iliyoandikwa kwa jasho lao. Kuichoma barua si kumheshimu aliyeiandika.

Basi, njia iko wapi? Njia ni kutazama kwa macho mawili. Jicho moja latazama uzuri na kusema kweli: huu ni uzuri. Jicho la pili latazama bei na kusema kweli: bei hii haikulipwa. Anayefumba jicho la kwanza husema uongo juu ya fundi. Anayefumba la pili husema uongo juu ya mtumwa. Na uongo, hata ukisemwa kwa nia njema, haujengi haki.

Kwa mwenye mali, haki yadai zaidi ya kutazama. Yadai kukiri hadharani, na kutafuta namna ya kutengeneza kilichoharibika. Mwaka 2023 David Lascelles, mzao wa jamaa ile, aliungana na wazao wengine wa wenye watumwa ili kukiri jambo hilo mbele ya watu na kuunga mkono madai ya fidia. Mwaka uleule picha ya David Harewood, mwigizaji Mwingereza, ilitundikwa ndani ya nyumba ile. Mababu zake walikuwa watumwa wa jamaa ya Lascelles huko Barbados, na jina la nyumba ndilo jina analoitwa. Picha moja hailipi deni. Lakini deni lililotajwa laweza kudaiwa. Deni lililofichwa haliwezi.

Watu wa Congo hawahitaji kwenda Yorkshire ili kuyaelewa haya. Huko Tervuren, karibu na Bruxelles, lipo jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1910, lililojengwa kwa mali iliyotoka Congo wakati wa Mfalme Léopold II. Mwaka 1897 watu 267 waliletwa kutoka Congo ili watazamwe na umati. Saba wao walikufa huko, na makaburi yao yapo kando ya kanisa. Jumba ni zuri. Makaburi ni saba. Asiyeyaona yote mawili hajafika Tervuren.

Lakini kuna swali la mwisho, gumu kuliko yote, nalo humngoja mgeni akiwa peke yake njiani kurudi. Kama angepewa ufunguo wa nyumba ile iwe yake, je, angeuliza bado habari ya miwa? Ni rahisi kumhukumu tajiri aliyekufa. Edwin Lascelles hakuwaona watumwa wake kila asubuhi. Bahari nzima ilikuwa kati yao, na kwa hiyo alilala usingizi. Kila mtu ana bahari yake ndogo. Mwenye duka aliyejenga kwa matofali, huku wafyatuaji wakingoja malipo tangu masika, ana bahari yake. Mume anayesifiwa kwa shamba lililolimwa na mke wake, naye akanywea fedha yote ya mihogo, ana bahari yake. Mzee aliyemchukua yatima “kumlea”, naye humtumikisha tangu alfajiri bila kumpeleka shuleni, ana bahari yake, nayo si pana kuliko uwanja wa nyumba.

Nyumba ya udongo yaweza kuwa Harewood, na kasri laweza kujengwa kwa haki. Ukubwa si neno. Neno ni hili: je, kila mkono uliofanya kazi umepata haki yake?

Maswali ya kuzungumza pamoja. Kwa nini kusahau ni kama kuiba mara ya pili? Mtoto aliyerithi mali ya dhuluma bila kujua, siku atakapojua ana wajibu gani? Na katika kijiji hiki, ni nani anayengoja malipo yake?