Bia Ndani ya Sufuria

Somo: Warumi 14, 1 Wakorintho 8

Leo naanzia jikoni.

Dada mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani aliishi Texas miaka kadhaa, na huko akajifunza kupika chili. Jina lisikudanganye, si pilipili peke yake. Ni mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe, pilipili kavu, kitunguu na bizari ya pilau, unaochemka polepole hadi nyama ilainike kabisa. Mwaka 1977 jimbo la Texas liliutangaza kuwa chakula chake rasmi, na wengi kule hawataki hata kuona maharagwe ndani yake. Wapishi wengine humimina bia mahali pa maji, mchuzi upate uchungu kidogo.

Ijumaa hiyo dada alinivuta kando. "Pasta, nimeweka chupa moja ya bia, lakini imechemka masaa mawili. Niwaambie watu?"

"Wacha tu," nikamjibu. "Pombe yote imeenda na mvuke." Nilikuwa na njaa, na ile harufu, jamani!

Sebuleni alikuwepo ndugu aliyeacha pombe miezi 14 iliyopita. Alionja vijiko viwili, akatulia. "Pasta, hii ina nini?"

"Ni viungo tu, ndugu yangu."

Akaweka bakuli chini, akaaga mapema. Saa nne usiku akanipigia simu. Alikuwa amesimama nje ya baa yake ya zamani. Hakuwa ameingia. Tuliongea mpaka akapanda matatu ya kwenda nyumbani.

Wiki iliyofuata wengine walitaka dada asipike tena kwenye ushirika. Nikaenda kutafuta ukweli wa ile kauli yangu ya mvuke. Jedwali la Idara ya Kilimo ya Marekani linasema chakula kilichochemshwa na pombe kwa nusu saa hubaki na kama asilimia 35 ya pombe hiyo, saa moja asilimia 25, masaa mawili asilimia 10. Kwa hivyo haikuisha. Lakini piga hesabu: chupa ya mililita 500, bia ya asilimia 5, ni mililita 25 za pombe. Baada ya masaa mawili zinabaki kama mililita mbili na nusu, yaani nusu kijiko cha chai katika sufuria iliyolisha watu kumi. Hakuna anayelewa kwa hiyo.

Basi dada alitenda dhambi? Sioni. Paulo anaacha nafasi kwa dhamiri ya kila mtu mbele za Mungu katika mambo ya kula, na dada huyu hakuficha kitu. Aliuliza. Paulo huyo huyo anasema yuko tayari kutokula nyama kabisa, nyama yenyewe isiyo na kosa, kama inamwangusha ndugu yake. Kwa mtu aliyefungwa na chupa miaka mingi, ile ladha ni mlango, hata kama ni nusu kijiko.

Ila mimi sikumpa hata nafasi ya kukataa. Nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kwamba mteja ana haki ya kujua kilicho ndani ya pakiti kabla hajanunua. Mteja wa dukani! Na mimi ndugu yangu, aliyeniuliza uso kwa uso, nikamwambia ni viungo. Nimehubiri mara ngapi juu ya uongo, na wangu ukatoka mdomoni bila hata kukwama.

Nilimwendea nikamwomba msamaha, kisha nikaungama mbele ya ushirika mzima, ili lawama imwondokee dada. Ndugu alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Pasta, bia ningeisamehe siku hiyo hiyo."

Ijumaa iliyopita dada alipika tena, safari hii kwa supu ya mifupa na maji ya ndimu. Akatia na maharagwe, Texas watusamehe. Kabla ya kupakua alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akataja kila kilichomo, mpaka chumvi. Yule ndugu alirudisha bakuli mara mbili.